Gofu Moja Kabla ya Mvua

Jumapili, 3 Machi

Naanza daftari hili kwa sababu jambo likiachwa midomoni mwa familia hii halifiki mwisho. Nilifundisha miaka thelathini na minane, na sijapata kuona kikao kilichoamua kitu bila mtu mmoja kushika kalamu. Mtu huyo ni mimi, Hermelinda Uicab Xool, mwenye miaka sabini na saba na akili timamu.

Jambo lenyewe ni hili. Mdogo wangu Nazario anapoteza macho. Mwezi Januari nilimpeleka jijini Mérida, na daktari hakutuficha: kilichopotea hakirudi, na kilichobaki kitaondoka kabla ya mwaka kwisha. Nazario ni mwashi. Tulipotoka pale alisema kitu kimoja tu, kwamba angependa kuona gofu moja la wazee wetu wa Kimaya kabla ya giza. Nikamwuliza lipi. Akasema, "Lolote, Dada. Jiwe ni jiwe."

Hilo si jibu. Kutoka hapa Oxkutzcab, ukienda upande wowote, utajikwaa kwenye gofu kabla hujachoka.

Safari itakuwa moja. Wilberth, mume wa Griselda binti wa Nazario, ana gari la abiria, lakini tarehe tatu Juni analihamishia Cancún kwenye kazi mpya. Jumapili zake za kabla ya hapo zimekwisha kukodishwa na watu wa harusi na komunyo ya kwanza, isipokuwa mbili za mwisho. Nimechagua tarehe 26 Mei.

Mvua haitatusumbua. Januari nilihesabu siku kama mama alivyotufundisha: siku kumi na mbili za kwanza, kila moja na mwezi wake, kisha kumi na mbili zinazofuata, kwa kurudi nyuma kuanzia Desemba. Siku ya Mei ilikuwa kavu kwenda na kavu kurudi. Nimeiandika. Mvua zitaanza baada ya tarehe kumi Juni.

Jumapili, 10 Machi

Kikao cha kwanza, baada ya chakula. Nazario alikuwa kwenye bembea yake ya kulalia, mguu mmoja chini, akijisukuma polepole.

Suemy, mjukuu wake, ana miaka kumi na saba na hajui kungoja zamu. "Chichén Itzá, Bibi! Kila mtu duniani anapajua."

"Ndiyo maana," akasema Nazario. "Kila mtu duniani yuko pale."

Griselda anataka Tulum. "Nina miaka arobaini na mitatu, Shangazi, na bahari nimeiona kwenye kalenda ya duka la dawa. Tulum unapata gofu na bahari kwa safari moja."

"Tulum walijenga wakitazama bahari badala ya timazi," akasema Nazario. "Nenda kaone kuta zake zilivyolala."

Wilberth akapendekeza Edzná.

"Edzná kuna nini?" nikamwuliza.

"Kuna rafiki yangu, Mwalimu. Ana jiko la kuchomea kuku uani kwake."

"Nimeuliza gofu."

"Na gofu pia lipo, Mwalimu. Mbele kidogo ya kuku."

Walicheka mpaka bembea ikasimama. Mimi nikasema Uxmal. Ni karibu, barabara ni ya lami, na majengo yake yana utaratibu ambao mtoto wa darasa la tatu angeuona.

"Uxmal pazuri," Nazario akasema. "Lakini ngazi zake zinataka magoti ya kijana."

Griselda akakosa subira. "Baba, kila tunapotaja unatia dosari. Wewe unataka wapi?"

"Popote. Chagueni nyie."

Ndivyo alivyo. Ninaliandika hili bila ukali: mdogo wangu ni mtu wa kuchaguliwa mambo na wengine. Alipokuwa na miaka ishirini na miwili alipata kazi kwenye kikosi cha waashi waliokuwa wakiinua ukuta wa Xkopó, gofu dogo lenye vyumba viwili huko vilimani nyuma ya mashamba ya machungwa. Kazi nzuri, kazi ya heshima. Hakumaliza msimu. Walimwondoa, akarudi nyumbani, na tangu siku hiyo hajajenga ila mabanda ya nguruwe na kuta za mipaka. Mtu mwenye mikono ile! Nilimsema miaka mingi, kisha nikachoka.

Jumapili, 17 Machi

Joto. Nazario amemwaga kahawa. Kikombe kilikuwa mbele yake.

Jumanne, 2 Aprili

Nimeamua kumsomea. Nimetoa kitabu changu cha magofu na kila jioni, kabla ya kuku kulala, namsomea kurasa mbili, naye anasikiliza akiwa ameegemeza kichwa kwenye kamba za bembea.

Leo tulifika Kabah, Sayil na Labná. Kila mahali alikuwa na la kusema. Kabah, zile sura za Chaac, mungu wa mvua, zimepangwa zikabanana kama abiria wa Wilberth. Sayil, nguzo zake nzuri lakini fupi. Labná, lile tao angelipenda zaidi kama lingekuwa la nyumba ya mtu na si la kupita tu. Anajua upana wa kila jiwe. Nilishangaa, nilidhani amesahau aliyojifunza kwa wale waashi.

Kisha nikafika Xkopó. Kitabu kimeipa mistari minne. Nikaisoma, nikangoja.

Aliinuka, akapapasa ukuta mpaka mlangoni, akaenda kuwarushia kuku mahindi. Kuku walikuwa wamekwisha kula.

Jumapili, 14 Aprili

Watu wanachoma mashamba. Moshi umekaa juu ya mji tangu alfajiri. Nazario anasema hauoni. Kwake ni siku kama nyingine.

Jumapili, 21 Aprili

Nimetangaza: Uxmal. Suemy ameguna. Griselda amesema, "Sawa, Shangazi," kwa sauti ya mtu anayekunja nguo. Wilberth ameuliza kama karibu na Uxmal anauzwa kuku. Nazario amesema, "Vizuri, Dada."

Jambo limekwisha.

Jumapili, 5 Mei

Jambo halijaisha. Itabidi niandike kwa urefu, na niandike kweli.

Jioni nilikuwa namtia dawa ya macho. Hilo hulifanya mimi mwenyewe, kwa sababu Griselda mkono wake unatetemeka. Nikamwambia, kwa kumtania tu, "Mafundi wote wa kale umewakosoa. Mbona Xkopó hukuitafutia kosa?"

Dawa ikamtiririka shavuni.

"Xkopó ina kosa moja," akasema. "Si la wazee. La kwetu."

Kisha akanieleza. Mlango wa Xkopó una sura mbili za Chaac, moja kila upande, zimeundwa kwa vipande vya mawe. Kila sura ina pua: jiwe refu lililopinda, lenye mkia unaoingia ndani ya ukuta. Sura zilikuwa zimeanguka, vipande vimechanganyika. Waashi walivipanga kwanza chini, juu ya mchanga, kisha wakavipandisha. Mhandisi alikuwa na mchoro wake, na kwenye mchoro pua ya kulia ilitazama chini na ya kushoto ilitazama juu. Aliona ndivyo inavyopendeza.

"Mimi nilipanda nikaupapasa ule mkia," Nazario akasema. "Mgongoni mwa jiwe kuna mfereji mwembamba, Dada, wa upana wa kidole. Ncha ikiwa chini, maji ya mvua yanatoka ukutani, yanafuata mfereji, yanadondoka nje. Ukigeuza ncha ikawa juu, mfereji unarudisha maji ndani. Chaac ni mwenye mvua. Nani atamjengea mwenye mvua pua ya kumnywesha ukuta?"

"Ukamwambia mhandisi?"

"Kihispania changu cha wakati ule kilikuwa cha kununulia chumvi. Nilikuandikisha wewe barua."

Nikaweka chupa ya dawa chini.

"Ulikuwa na shule yako ya kwanza," akaendelea. "Nilikuja kwa miguu, nikakueleza yote kwa Kimaya, ukaandika. Nikaweka dole gumba. Kesho yake mhandisi akaisoma kimoyomoyo mbele ya kikosi kizima, akakunja karatasi, akaniambia niondoke. Nikasema basi, kumbe ukweli hata ukiandikwa vizuri humfukuzisha mtu kazi. Tangu siku hiyo sijambishia msomi."

"Hata mimi," nikasema.

"Wewe ndiye msomi ninayekaa naye."

Nilimfuta shavu nikaenda uani. Nilisimama karibu na mchungwa muda mrefu, Griselda akaja kuniuliza kama nimeumwa na mdudu.

Jumatatu, 6 Mei

Sijawahi kupeleka barua bila kubaki na nakala. Leo nimefungua sanduku la shule na kuipata. Mwandiko ni wangu wa ujanani, ulionyooka. Nainakili hapa:

"Mheshimiwa Mhandisi: Mimi, Nazario Uicab, mwashi, kwa unyenyekevu mkubwa naomba radhi kwa kuingilia mambo yaliyo juu ya cheo changu, na kwa kuyagusa mawe bila idhini yako. Naahidi kwamba sitarudia. Mtumishi wako mtiifu."

Hakuna pua. Hakuna mfereji. Hakuna maji.

Nakumbuka sasa, vizuri kabisa. Alikuja amelowa jasho, akisema kwa haraka, akipiga ngumi kiganjani: mwambie amekosea, mwambie jiwe limesimama kichwa chini. Nami nilikuwa na miaka ishirini na sita na cheti kipya ukutani. Niliona kijana wa milpa, wa shamba la mahindi, anataka kumwambia mhandisi amekosea, nikaona aibu kwa ajili yake. Nikamwandikia barua ambayo, kwa maoni yangu, ingemwokoa. Kisha nikamwelekeza mahali pa kuweka kidole.

Hakufukuzwa kwa kusema ukweli. Alifukuzwa kwa kukiri kosa ambalo kinywa chake hakikulikiri. Nami nimemwita mtu asiye na uti wa mgongo kwa miaka hamsini na mmoja.

Jumapili, 12 Mei

Nimefuta Uxmal. Tunakwenda Xkopó.

"Xkopó hakuna hata choo, Shangazi!" akasema Griselda.

"Kuna pori lote."

"Barabara ni ya udongo mweupe, Mwalimu," akasema Wilberth. "Ikinyesha hata nusu siku, gari langu litakaa huko mpaka Krismasi."

"Haitanyesha. Nimehesabu."

Suemy akauliza atapiga picha gani huko. Nikamwambia apige picha ya babu yake.

Ubishi uliotoka mahali nisipotarajia ni wa Nazario. Alishusha miguu yote miwili kutoka kwenye bembea. "Siendi."

"Tangu Januari unasema popote."

"Popote isipokuwa huko."

Niliwaondoa wengine. Tulipobaki wawili nikamwuliza sababu, naye akajibu bila kunitazama, ingawa sasa hilo halina maana tena.

"Miaka yote hii nimesema ule ukuta utaharibika. Nimesema peke yangu, kichwani. Ndicho kitu pekee ninachokijua ambacho mhandisi hakukijua. Nikienda nikaukuta mzima, Dada, nitakuwa nilikuwa mpumbavu tangu mwanzo. Afadhali nisione."

"Kabla mwaka haujaisha hutaona lolote."

"Ndiyo nasubiri hilo."

Nimepata kumpiga mtoto fimbo kwa jibu zuri kuliko hilo. Lakini nilikaa chini kando yake. Nikamwambia kwamba mimi nataka kujua. Akauliza inanihusu nini. Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Nikasema tu kwamba barua niliiandika mimi, kwa hiyo na mimi nilikuwamo.

Akafikiri. "Basi kwa ajili ya barua yako," akasema.

Nimeandika neno "woga" mara tatu pembeni mwa ukurasa huu, nami siandiki habari zake.

Jumatano, 15 Mei

Nazario amefika mezani akauliza nani ameondoa machungwa. Machungwa yalikuwapo.

Jumanne, 21 Mei

Mvua. Siyo manyunyu. Ilianza saa nane mchana kutoka upande wa vilima, ikanyesha mpaka magoti ya mbwa yakapotea barabarani.

Nilitoa hesabu yangu ya Januari na kuipitia mstari kwa mstari. Tarehe tano: kavu. Tarehe ishirini: kavu. Niliwaonyesha wote. Nazario akaniuliza tarehe ishirini Januari tulikuwa wapi.

"Kwa daktari. Mérida."

"Na mbingu uliyoiandika ni ya wapi?"

Nilifunga daftari.

"Hapa ilinyesha siku hiyo, Dada. Jirani aliniambia nguo zake zililowa kambani. Wewe ulihesabu mbingu ya watu wengine." Akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa. "Mama angekuweka pembeni ukiutazama ukuta!"

Ni kweli. Siku huhesabiwa kwa mbingu iliyo juu ya shamba lako. Hata mtoto anajua. Nimelisahihisha daftarini kwa wino mwekundu.

Jumapili, 26 Mei

Hatukwenda. Imenyesha siku sita mfululizo. Wilberth alitaka twende Uxmal kwenye lami. Nilisema hapana, Nazario naye akasema hapana, kwa wakati mmoja.

Alhamisi, 30 Mei

Inanyesha. Imebaki Jumapili moja.

Jumapili, 2 Juni

Tumekwenda.

Tuliondoka asubuhi, mawingu yakiwa juu na mepesi. Griselda alifunga chapati za mahindi na mayai kwenye rojo la mbegu za maboga, nami nilibeba kibuyu cha maji ya mahindi na asali kwa ajili ya roho za wenye mahali, kwa sababu sitaki kuingia nyumba ya mtu mikono mitupu. Lami iliishia kwenye shamba la mwisho la machungwa. Wilberth alishuka, akatia kijiti kwenye udongo mweupe, kikazama chote.

"Gari linaishia hapa, Mwalimu. Nisameheni."

Lakini alikuwa amejiandaa, na hilo nitalikumbuka kwa heshima. Juu ya gari alikuwa amefunga baiskeli ya jirani yetu, ile ya magurudumu matatu ya kubebea machungwa, yenye kichanja mbele. Tukamketisha Nazario kwenye kichanja juu ya gunia, magoti kidevuni.

"Kilo yangu bei gani?" akauliza.

"Baba mkwe, ungekuwa chungwa nisingekununua," akasema Wilberth, akaanza kusukuma.

Tulikwenda hivyo kwa muda wa karibu saa mbili. Wilberth alisukuma, Suemy alivuta kwa kamba, Griselda alishika viatu vyangu mkono mmoja na mkono wangu kwa mwingine. Mahali fulani gurudumu lilizama, Nazario akamwagika kwenye matope. Akainuka mwenyewe, akauliza kama ni kichaka cha mkopó, ule mtini wa pori uliopapa mahali jina, kilicho upande wa kulia. Kilikuwapo, mti mkubwa sasa. "Basi tumefika," akasema.

Xkopó ni nyumba moja ndogo juu ya kilima cha kifusi. Nilimwaga maji ya mahindi kwenye pembe nne. Nazario hakungoja kuongozwa. Alipanda kwa mikono na magoti, akafika kwenye mlango, akaweka kiganja kwenye ukuta wa kulia, akaushusha polepole.

"Umenyooka," akasema. "Huu niliujenga mimi na mwashi mwenzangu, marehemu Eusebio."

Akavuka kwenda kushoto. Nilikuwa nimekwisha kuona, nikanyamaza. Chini ya ile pua iliyotazama juu, ukuta ulikuwa umetoka nje kama tumbo, mweusi kwa kuvu, na mtu fulani aliuegemezea gogo lisianguke. Mikono ya Nazario ilifika pale, ikasimama. Akalipapasa lile tumbo lote, juu, pembeni, chini.

"Una mimba," akasema.

"Inaweza kuwa mizizi," akasema Wilberth, ambaye alidhani anamfariji. "Au tetemeko, Mzee. Au uzee tu."

Nazario akaitikia kwa kichwa. "Inaweza," akasema, na nikaona bega lake likishuka. Alikuwa amefika mbali hivyo, na jibu lilikuwa bado si jibu.

Kisha mvua ikaanza. Tulijibanza ndani ya chumba, chini ya dari la mawe, tukala. Griselda alikuwa akilalamika kuhusu safari ya kurudi. Suemy alikuwa akilalamika kuhusu simu. Nazario akainua mkono.

"Nyamazeni."

Tukanyamaza.

"Mnasikia? Kulia."

Nje, upande wa kulia wa mlango, maji yalikuwa yakidondoka juu ya jiwe. To. To. To. Kisha kwa haraka zaidi.

"Sasa kushoto."

Tulisikiliza wote watano. Mvua kwenye majani, mvua kwenye kifusi, to-to-to upande wa kulia. Upande wa kushoto, kimya.

Suemy akatoka bila kuambiwa. Akasimama kwenye mvua, akaweka kiganja chini ya pua ya kulia, kikajaa, kikamwagika. Akavuka, akaweka kiganja chini ya ile ya kushoto, akangoja. "Hakuna kitu, Babu! Ncha imejaa tu, halafu maji yanarudi nyuma. Yanaingia ndani. Nayaona yanaingia!"

"Anameza," akasema Nazario. "Miaka hamsini na mmoja anameza."

Uso wake sijauona hivyo tangu tukiwa watoto. Akampiga Wilberth paja. "Mizizi, eh? Tetemeko, eh?" Wilberth akasema yeye ni dereva tu, asimwonee. Wakacheka wote. Hapo ndipo nilipomwambia.

Nilisema kwa Kimaya, ili nisijifiche kwenye maneno mazuri. Nilisema kwamba barua niliyoiandika haikuwa na pua ndani yake. Nikamtajia nakala kwa kukumbuka, neno kwa neno. Sikutaja ujana wangu wala nia yangu njema.

Kicheko kilikwisha. Aligeuza sikio upande wa kulia.

"Kwa hiyo mhandisi hakunikatalia," akasema.

"Hakukukatalia."

"Hakuambiwa."

"Hakuambiwa."

Mvua ilipopungua nilimpa mkono tushuke. Aliusogeza pembeni, si kwa hasira, kama mtu anavyosogeza tawi. "Suemy," akasema, "njoo unishike."

Jumatatu, 3 Juni

Gari limekwenda Cancún. Nazario hasemi nami. Dawa ya macho ametiwa na Griselda, na nusu imeingia sikioni.

Jumatano, 5 Juni

Kimya. Mvua.

Jumamosi, 8 Juni

Leo asubuhi alikuja chumbani kwangu akifuata ukuta. Alisimama mlangoni.

"Yule mhandisi yuko hai?"

"Alikufa zamani."

"Na ofisi yake?"

"Ofisi hazifi."

"Basi bado hawajaambiwa," akasema. "Lete karatasi."

Nikaleta. Akakaa kwenye ukingo wa sanduku langu la shule, mikono juu ya magoti, akaanza kusema. Mstari wa kwanza tu nikasita.

"Kalamu yako imesimama, Dada. Naisikia."

"Ilitaka kuandika 'Waheshimiwa'."

"Iambie ikae chini."

Niliandika hivi, kwa Kihispania, bila kuongeza wala kupunguza:

"Ninyi wa ofisi ya magofu. Mimi ni Nazario Uicab, mwashi wa Oxkutzcab. Pua ya kushoto ya Xkopó imewekwa kichwa chini. Nilisema nikiwa na miaka ishirini na miwili, habari haikufika. Sasa ukuta una mimba, na mvua za mwaka huu bado changa. Igeuzeni. Msipake saruji, haitasaidia kitu. Mkitaka kujua inavyogeuzwa, njoni mniulize. Sioni tena, lakini mikono ipo."

"Imekwisha?" nikauliza.

"Imekwisha. Mpe Suemy anisomee."

Lilinichoma, na lilikuwa haki yake. Nikamwita Suemy. Akasimama katikati ya chumba akasoma kwa sauti, akigeuza kila sentensi kwa Kimaya, naye Nazario akimfuata kwa midomo. Kila neno lilikuwa pale. Aliponyoosha mkono, nilimpaka wino kwenye dole gumba, lakini safari hii sikumwelekeza mahali. Alipapasa ukingo wa karatasi, akapata mahali mwenyewe chini kulia, akakandamiza.

Suemy akaondoka nayo kwenda posta akiwa ameikinga na mvua chini ya blauzi. Nazario akabaki. Nikatoa chupa ya dawa ya macho, akainua uso bila kuambiwa.

"Tatizo," nikasema, nikimtia jicho la kwanza, "ni kwamba hatukuona Uxmal. Kitabu kinasema zipo sura za Chaac pale hazihesabiki."

"Mwakani," akasema.

"Gari halipo."

"Tutapanda basi." Akageuza jicho la pili. "Lakini tusiende wakati wa jua, Dada. Twende kukiwa kunanyesha. Nataka kuzisikiliza zile pua zote."